Mawe ya Watu wa Kale na Lambo la Samuye

Mwaka serikali ilipoamua kutuchimbia lambo karibu na Samuye, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mimi nilikuwa mkalimani, nina kaptula ya kaki iliyopigwa pasi na maringo ya kuwatosha watu watatu. Mama yangu alikuwa akiamka na jogoo kwenda kuchota maji mbali, anarudi jua limeshakuwa kali, na ng'ombe wetu ungeweza kuwahesabu mbavu ukiwa barabarani. Kwa hiyo lambo lile sikuliona kama la serikali. Nililiona la mama.

Kabla ya matrekta kuja, aliletwa mzungu mmoja mrefu, mtaalamu wa mambo ya kale, akague ukingo wa kijito ambako maji yangetuama. Alitaka kujua kama watu wa zamani, wa kabla ya chuma, waliacha chochote pale. Waliacha. Waliacha mawe ya kuchongwa mengi mno, makali upande mmoja, ambayo sisi tuliyapiga teke tangu utotoni. Siku nne mzungu alipiga magoti juani, akichomeka kijiti chenye namba kando ya kila jiwe na kuchora ramani, huku akitabasamu peke yake. Wazee waliona aibu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini huyu tangu siku ya kwanza alikuwa chini na mwiko wake mdogo kama wa fundi mwashi, na hakuna aliyemsaidia.

Siku ya tano aliniambia kwa furaha kwamba mahali pale ni pa thamani kubwa, na kwamba ataandika lambo lihamishiwe kwa majirani, ng'ambo ya kilima. Nikamkumbuka mama na safari yake ya maji. Ramani ilikuwa bado nusu, na tulikuwa tunakwenda mjini Shinyanga siku mbili kufuata karatasi na filamu za kamera. Akaniagiza niwaambie watu: mawe haya ni ya maana sana, ng'ombe wasiyakanyage, na kila jiwe libaki pale pale lilipo.

Nikawaambia mawe ni ya maana sana, na ng'ombe wasiyakanyage. Agizo la tatu nililimeza. Sijidai nilisahau. Lakini Mungu shahidi, nilitegemea mawe machache tu yasogezwe, si zaidi.

Tuliporudi, tulisikia ngoma kabla gari halijasimama. Nsumba ntale, kiongozi wa vijana wa kazi za ujima, alikuwa amewaita watu kama wakati wa palizi. Walijipanga mstari mmoja, wakaimba, wakaokota. Ukingo mzima ulikuwa mtupu, safi kama uwanja wa kupuria mtama. Katikati palikuwa na marundo matatu, la mawe makubwa, la saizi ya kati na la madogo, yote yameoshwa. Vile vijiti vyenye namba vilifungwa kwa kamba ya katani, visipotee.

"Mwambie tumemwonea huruma," alisema nsumba ntale, jasho likimtiririka. "Peke yake angemaliza lini? Hata yaliyofukiwa tumeyachimbua."

Mzungu akakaa chini. Akaokota jiwe moja, akaligeuzageuza, akaniuliza lilitoka wapi. Nikauliza. Watu wote wakanyoosha mikono, kila mmoja upande wake, na wawili wakaanza kugombana.

Mara mzungu akacheka, kicheko cha mtu aliyefiwa, mpaka machozi yakamtoka. Wazee wakadhani ni furaha, wakamtunuku jogoo. Alimpokea kwa mikono miwili, maskini, akashukuru. Kesho yake aliandika kwamba mahali pale pamekwisha kuharibika, na haoni sababu ya kuzuia lambo. Nilimwonea huruma kweli, na nilitaka kurukaruka.

Masika yaliyofuata baada ya matrekta kumaliza kazi, lambo lilijaa. Mama alijaza mtungi wake, akanichotea kata nzima ninywe kabla ya watu wote, kwa kuwa nilifanya kazi na mgeni.

"Yule mzungu wetu," akaniuliza, "aliondoka ameridhika?"

"Aliridhika, mayu."

"Angetuambia siku ile ile ya kwanza, tungemwokotea asubuhi moja tu, asiumie magoti."

Niliona haya, sikuweza kumtazama usoni. Nikainamia kata, nikanywa maji yote, nikaomba mengine.