Mbegu Kumi za Masele

Masele wa Kishapu alikuwa na mwili wa cheo. Kitambi kilikuwapo, kofia ya jua ilikuwapo, hata kikohozi cha wakubwa alikuwa nacho. Kilichokosekana ni watu wa kumtaka.

Miaka ile ya hamsini, wakulima wa chama cha pamba tulijichagulia wapimaji wetu, wa kumkodolea macho mnunuzi asitupunje. Kila mgombea aliwekewa kibuyu nyuma ya pazia la magunia, na kila kaya ikatia humo mbegu za pamba kadiri inavyomwamini, mwisho tano. Aliyefikisha mbegu mia alishika mizani. Kulikuwa pia na kibuyu cha hasira. Mpimaji akiharibu, wenye kinyongo wanatia mbegu humo, na zikifika hamsini anaiachia mizani.

Mara mbili Masele aliambulia sitini. Mwenye haya angerudi kupalilia. Yeye alisimama mkutanoni, akakohoa.

"Ndugu zangu, tano ni uchoyo. Mbegu zimejaa majumbani! Kila kaya itie hadi kumi, vibuyu vyote."

Watu wakapiga makofi. Mama Limi, mjane mwenye shamba bondeni, akamuuliza Masele, "Baba Jilala, mbegu zikiwa maradufu, ile mia si iwe mia mbili? Na hamsini iwe mia?"

"Mayu, mama yangu, sheria ya chama haichezewi," Masele akajibu.

Wakamcheka mama wa watu. Basi waliompa Masele tatu wakampa sita, waliompa moja wakampa mbili. Hakuna aliyempenda zaidi ya jana, na kati ya wagombea alibaki yule yule wa mwisho. Lakini sitini ilikuwa mia na ishirini, na bwana mkubwa akashika mizani, viatu vimepakwa mafuta.

Msimu ule alikunywa chai na mnunuzi, mizani kaipa mgongo. Pamba ya Mama Limi, iliyomvunja kiuno kuibeba, ikasomwa nusu.

Mama Limi hakugombana. Alitia mbegu kumi kwenye kibuyu cha hasira. Majirani zake wanne wakatia kumi kumi.

"Uonevu!" Masele alibweka. "Kaya tano zinishushe mimi? Turudi kwenye mbegu tano, au hamsini iwe mia!"

Mama Limi alikuwa ameshatua mzigo wake mbele ya Masele.

"Baba Jilala, sheria ya chama haichezewi. Achia mizani, tupime pamba."