Mbuzi wa Mashini ya Makaa

Juzi mwalimu wa fizikia alichora ubaoni mashini ya mvuke, ile ya kuvuta garimoshi la mizigo, akauliza: "Nani ataniambia hii inakula nini?" Mkono wangu ukainuka wenyewe. "Mbuzi, mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko, mimi nikatolewa nje nikapige magoti kwenye kokoto. Huko nikamkumbuka babu, nikacheka tena, nikaongezewa adhabu. Basi ngoja nikueleze wewe, maana mwalimu hakutaka kunisikiliza.

Babu yangu alikuwa mashinisti kule Kalemie, kwenye reli inayoliacha ziwa na kuingia bara. Mashini yake ilikula makaa ya mawe kwa beleshi, ikanywa maji kuliko wageni wa harusi, na ikavuta msururu wa mabehewa ya saruji na mahindi, mrefu hivi kwamba, kwa maneno yake, kichwa kikifika stesheni mkia ulikuwa bado unaaga nyumbani. Kisha zikaletwa mashini za mazutu, yaani dizeli, za kuwashwa kwa kubonyeza. Babu alizitazama mara moja tu. Mashini isiyokula, isiyokunywa wala kulia, alisema, utajuaje kama ni mzima? Akapanda boti na bibi, wakaja Uvira, wakajenga huku juu, mtaa wa Songo.

Reli haikumfuata. Akachukua moto uliokuwa karibu, moto wa bibi.

Majirani walimcheka, mwanaume mzima kushinda jikoni. Yeye wala hakujali. Sufuria kubwa la maharage ndilo lilikuwa mashini yake, na sisi wajukuu tulikuwa wafanyakazi wake. Dada yangu alileta makala, yaani makaa ya miti, binamu alileta maji, na mimi, mdogo wa wote, nilikuwa filimbi. Chakula hakikuepuliwa mpaka nipige mluzi. Nakumbuka mvua ikipiga bati, harufu ya mawese na dagaa wetu wa ndagala, babu amekaa kwenye kigoda akisikiliza sufuria kama daktari anayesikiliza kifua. Bibi alizoea hata yeye. Akisikia mluzi, popote alipo, aliinuka na vitambaa vyake mkononi akaenda kuepua.

Sasa ikaja siku ya wakwe. Shangazi yangu alikuwa amewakataa wengi, lakini huyu kijana wa Kamanyola alimfanya aimbe hata akisugua masufuria. Ukoo wa kijana ukaja na mahari kumchukua, na bibi akapata mbuzi aliyezeeka kuliko padri wetu. Babu alimbonyeza paja, akatikisa kichwa. "Leo tuko na mulima ya kupanda," akasema, akaweka jiwe juu ya kifuniko.

Aliyewaongoza wageni alikuwa mzee mmoja mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linakata. Babu akatoka jikoni kumsalimia, masizi mpaka kwenye nyusi.

"Mzee, nasikia ulikuwa mu reli?" mgeni akauliza.

"Kabisa. Mashinisti."

"Ah! Na miye! Ku reli ile ile!"

Wakakumbatiana. Wakashikana mikono wakaitikisa kama wanapampu maji. Kisha babu akauliza, "Uliendesha mashini gani?"

"Ya mazutu."

Babu aliuachia ule mkono kana kwamba umemuunguza. Akarudi jikoni, akavuta makala yote nje ya jiko, akayamwagia maji. "Mashini iko ku depo," akatangaza. "Haitoke."

"Weye mzee, uko na kichwa kweli?" bibi akafoka. "Mutoto yako iko naolewa leo!"

"Aolewe. Lakini si na mazutu."

Shangazi alikuwa mlangoni na sinia la glasi. Wageni wakatazama viatu vyao. Mzee wa Kamanyola akaja mpaka jikoni, mpole kabisa.

"Mzee, hasira ya nini? Mazutu ni kitu rahisi. Unabonyeza tu, inaenda."

Babu akaonyesha sufuria. "Bonyeza basi iyi mbuzi."

Yule mzee akakunja mikono ya shati, akachuchumaa. Makala yalikuwa yamelowa. Akapuliza, moshi ukampulizia yeye. Akarundika mengine katikati, akapuliza tena, shati likageuka rangi ya barabara. Babu alikuwa amempa mgongo, lakini kila kipande kikitupwa vibaya, bega lake liliruka. Mwishowe akashindwa.

"Hapana! Usizibe katikati, moto inakufa! Tia pembeni, weye! Nani alikufundisha?"

"Beleshi ndiyo ilinifundisha," mzee akajibu akikohoa. "Nilianza kwa kutupa makaa, kabla walete mazutu. Siku ya kwanza ya mazutu nilishinda natafuta mahali pa kutupa. Mikono haikujua iende wapi."

Babu akageuka, akamtazama sana. Kisha akamsukumia kikapu kwa mguu.

"Leta makala. Kavu."

"Ndiyo, shefu."

Tulikula karanga mpaka zikaisha. Wazee wawili weusi kama chungu walikaa mbele ya moto mmoja wakipandisha mbuzi mlima, na hakuna aliyewakumbuka bibi harusi wala bwana harusi. Hatimaye babu akainua mkono: "Filimbi!"

Macho yote kwangu. Tatizo ni kwamba wiki ile meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka. Nikavuta pumzi, nikapuliza. Fffuuu. Upepo na mate tu.

Mzee wa Kamanyola akajipangusa masizi. "Aa," akasema, "hiyo ndiyo mazutu!"

Babu ndiye aliyecheka wa kwanza, akacheka mpaka akashika ukuta, na shangazi akaweka sinia chini, akaolewa. Mbuzi alikuwa bado mgumu. Nani angethubutu kusema?

Babu hayupo tena. Dada na binamu wametawanyika, na sufuria kubwa linatunza mahindi ya kuku. Meno yangu yalirudi, napiga mluzi hata darasani, ndiyo maana nazijua sana zile kokoto. Jioni ile ya adhabu nilifika nyumbani nikapiga mmoja mrefu, kama alivyotaka yeye. Bibi, ambaye siku hizi hasikii hata hodi, akainuka mkekani na vitambaa vyake mkononi, akaenda moja kwa moja jikoni. Akasimama mbele ya jiko baridi.

"Unapiga filimbi, na moto iko wapi?" akaniuliza. "Leta makala."

Nikaenda kuleta.

"Kavu!" akanifuata kwa sauti.