Unga wa Sauti ya Bibi

Bibi yangu mzaa mama aliishi Kilwa, na hakujua kusoma wala kuandika. Mama aliolewa akaletwa Iringa akiwa msichana, na tangu hapo alimwona mama yake mara mbili tu. Kwa hiyo mjomba alipopata tepurekoda, ile kubwa ya magurudumu mawili, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumkalisha bibi mbele yake ili amtumie binti yake salamu.

Bibi akakataa kufungua kinywa. Mjomba alitusimulia baadaye, huku anacheka mpaka anajifuta macho, kwamba magurudumu yalizunguka bure na bibi amekaa tuli anaitazama mashine. Alipoulizwa kulikoni, akasema mwanawe hajamwamkia, na yeye hawezi kuanza kumsemesha mtoto asiyemwamkia. Mjomba akairudisha kanda mwanzo, akamwomba achukulie kwamba ameshaamkiwa. Bibi akangoja kwanza, kadiri inavyomchukua mtu kutamka shikamoo, ndipo akaitikia: "Marahaba, mwanangu." Akaendelea hivyohivyo mpaka mwisho. Aliuliza, akangoja ajibiwe, akasema alhamdulillahi, akauliza tena.

Mjomba alituletea kanda ile pamoja na mashine yenyewe, na bibi akafariki kabla mwaka haujaisha.

Nyumbani kwetu Iringa kanda ilipigwa kila Idi, na pia siku ambazo mama aliamka kimya. Bibi aliponyamaza, sisi tulijibu. Mama alisema shikamoo yake mahali pake, kwa adabu zote, na kwenye habari za wajukuu tulipaza sauti kwamba hatujambo. Wageni walitutazama kama watu waliorukwa na akili. Mimi nilikuwa siwatazami wageni, nilikuwa naukodolea macho ule utepe wa kahawia. Nilijua mkate unatengenezwaje na redio inatoka dukani, lakini mwanamke aliyezikwa Kilwa kutuuliza kama tumekula, hilo sikulizoea hata siku moja. Nilikuwa naogopa na kufurahi kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui neno zuri zaidi la kuieleza hali ile.

Miaka ilipita, nikaajiriwa kupiga chapa katika kituo cha utafiti wa kilimo, Uyole, kule Mbeya. Nilipokwenda likizo Iringa nikakuta bibi amebadilika. Sauti yake ilikuwa imefifia kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, na mashine ililia kwa kukwaruza kila alipofika kwenye herufi kali. Chini ya magurudumu kulikuwa na unga mwembamba wa kahawia. Mama alikuwa akiupangusa kila wiki kwa kitambaa akidhani ni vumbi la Iringa. Nilimwambia asiipige tena mpaka tumwone fundi, naye akaniuliza, kwa hasira kidogo, kwani mimi ndiye niliyezaliwa na bibi au yeye.

Hata hivyo alikubali twende Mbeya. Ndani ya basi mimi niliipakata mashine, uzito wake kama gunia la mahindi, na yeye alikumbatia kanda iliyofungwa kwenye kanga. Tulipofika Chimala wauza mchele wakasogea dirishani, mama alikataza dirisha lisifunguliwe kwa sababu ya vumbi, na abiria wa mstari wetu wote wakatokwa jasho kwa ajili ya bibi yangu.

Fundi tuliyemwendea alikuwa Mnyakyusa wa makamo mwenye kibanda katika uchochoro wa maduka karibu na soko. Hakuwa na haraka. Alifungua mashine, akachovya pamba kwenye spiriti, akapangusa kile kichuma kidogo ambacho kanda hupita juu yake. Pamba ikatoka ya kahawia.

"Mama, usidhani huu ni uchafu," alisema. "Huu unga ndiyo sauti yenyewe. Imeshikizwa kwenye utepe, sasa inabanduka. Kila ukipiga, unamwaga."

Mama aliitazama ile pamba kwa muda mrefu. Fundi alipotaka kuitupa, mama alimshika mkono, akaichukua, akaifunga kwenye pindo la kanga yake. Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilijiuliza ni neno gani la bibi lililokuwa pale penye fundo.

Fundi akasema dawa ni moja tu, kumhamisha bibi kabla hajaisha. Ndipo ikaja kazi ya kuchagua atakapohamia. Mama alitaka kanda kubwa kama ile ya kwanza, kwa sababu mashine ya nyumbani inazijua. Fundi alikuwa nayo moja tu, iliyotumika, yenye muziki wa dansi. Alisema angefuta dansi na kumweka bibi.

Mama akamuuliza dansi litakwenda wapi. Fundi akajibu haliendi popote, linafutika, hapabaki kitu. Mama akauliza kama na mama yake anaweza kufutwa hivyohivyo. Fundi hakumficha: mtu yeyote akibonyeza kitufe chekundu kwa bahati mbaya, basi. Hapo kanda kubwa ikapoteza sifa zake zote.

Akatutolea kaseti. Mama alichagua ile ndefu kuliko zote, ya dakika mia na ishirini, akiamini bibi atapata nafasi ya kutosha. Fundi akamweleza kuwa utepe wa ile ni mwembamba mno, ndiyo sababu unaenea mwingi mle ndani, na unakatika upesi. Akamshauri achukue ya dakika sitini. Kisha akaigeuza akamwonyesha vijiplastiki viwili vya mgongoni: ukivivunja, mashine inakataa kurekodi juu yake. Mama alivigusa kimoja kimoja kwa kidole. Kitu kidogo kama punje ya mchele kumlinda mama yake na dunia nzima! Akasema hiyohiyo. Redio kaseti ya kuipigia nilikuwa nayo mimi, nikamwahidi ataondoka nayo.

Fundi hakuwa na waya wa kuunganisha mashine mbili zile. Ilibidi tuziweke zitazamane, moja iseme na nyingine isikilize kwa kinasa sauti chake, pamoja na kila kitakacholia humo ndani. Akatupangia Ijumaa mchana, wakati wenye maduka wa uchochoro ule wamekwenda kuswali na mitaani kumetulia. Siku ilipofika alifunga mlango, akasimamisha hata saa ya ukutani. Alituonya kwamba kanda ile ina safari moja tu iliyobaki. Hakuna kukohoa, hakuna kusogeza kiti. Alimwomba mama akae nje, mama akakataa, akaapa kwamba atanyamaza.

Magurudumu yakaanza kuzunguka. Kukawa na ule ukimya wa bibi anayesubiri kuamkiwa.

Nilimwona mama ameziba mdomo kwa kanga. Nilimwona pia akiishusha.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitikia.

Fundi alifumba macho. Kuisimamisha kanda hakuthubutu. Na mama, akiwa ameshaanza, hakuacha tena. Aliulizwa hali akasema hajambo, akaulizwa baridi ya huko akasema wanaizoea, akaulizwa wajukuu akasema hawajambo, wanamwamkia. Nilitamani nimzibe kinywa kwa mikono yangu miwili. Bibi alipomaliza kutuombea dua, utepe ulikatika wenyewe, na fundi alipojaribu kuurudisha, ukamvunjikia mikononi vipande vipande.

Nilimwambia mama ameharibu. Nilisema hivyo kwa sauti ambayo hadi leo inanikereketa kooni, mbele ya mtu tusiyemjua, na mama akainama.

"Mama ataniitikia nami sijamwamkia?" alisema polepole. "Mimi sikulelewa hivyo."

Fundi aliirudisha kaseti mwanzo, akabonyeza.

Ukimya ukapita. Halafu ikasikika sauti ya mwanamke, nzito kidogo, ikisema shikamoo, mama. Na baada yake, kana kwamba ameisikia sasa hivi, bibi akasema marahaba. Nyumbani tulikuwa tukimjibu bibi sisi, na yeye kule akisubiri hewa tupu. Humu ndani ya kaseti walikuwa wawili. Mmoja aliuliza, mwingine akajibu, na aliyeuliza akamshukuru Mungu kwa jibu alilopewa. Nilimtazama fundi, mtu aliyefungua redio za Mbeya nzima na kuyajua matumbo yake, nikaona amevua kofia.

Mama alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yanagusa meza. Hakulia. Alikuwa akisikiliza kama mtu aliyesimama mlangoni akikuta maongezi yameshanoga.

Bibi akafika kwenye habari za wajukuu. Akauliza, akanyamaza, na mimi kwa mazoea ya tangu utotoni nikafungua kinywa niseme hatujambo. Mama alinyoosha mkono bila kugeuka, akaniwekea kiganja mdomoni.

"Nyamaza, mwanangu," alisema. "Tunaongea."