Niliificha barua ya kazi ya wifi yangu, leo ananiita nikafanye naye kazi

Mwenye ukurasa, nakuomba jina langu libaki kwako. Mji wetu ni mdogo, na mume wangu husoma kila karatasi, hata gazeti lililofungiwa maandazi.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, naishi Mukendo hapa Musoma. Nina digrii ya utawala. Naitaja mapema kwa sababu maishani sijawahi kuringia kitu kama hiyo digrii.

Nilipomaliza chuo kikuu, nchi haikuwa na sukari wala sabuni. Nikaajiriwa afisa utumishi katika shirika moja la umma, na sisi maafisa tulipata mgao wetu bila kupanga foleni. Nikienda ukweni Nyamuswa na miche miwili ya sabuni, mama mkwe ananifutia kiti kwa kanga yake. Kila mzazi pale alitaka mwanawe asomee nilichosomea mimi. Niliamini kabisa wanaiheshimu digrii yangu, kumbe waliheshimu sabuni.

Mdogo wa mume wangu, nitamwita Perpetua ingawa si jina lake, yeye alikwenda Morogoro kusomea sayansi ya chakula. Jamani, tulicheka! Siku ya kumpongeza kwa kumaliza, shangazi zake walimkabidhi mwiko. "Msomi wetu, sisi tumechoka. Si ndicho ulichoendea?" Akacheka naye, akasonga ugali wa watu wote. Mimi nikadakia, "Wifi, ungeniuliza mimi. Nilikuwaga napika toka darasa la tatu, na cheti sikupewa."

Akaja kukaa kwetu kutafuta kazi. Wakati huo serikali ilikuwa imeacha kuajiri kila anayehitimu, kwa hiyo mwaka mzima alikuwa kwangu, anaosha vyombo na kuandika maombi. Nisiwafiche, nilipenda. Nilipenda kurudi kutoka ofisini nimkute amejifunga kanga kiunoni, anipokee mkoba, aseme "Pole na kazi, wifi." Na bado nilimwonea wivu, maana mume wangu akiwa na shida alimweleza yeye kwanza, mimi nikasikia baadaye.

Siku za ruksa ya biashara binafsi zikaja, wenye mitaji wakajenga kiwanda cha minofu ya sangara kando ya ziwa. Perpetua akaomba kazi, na kwa kuwa hakuwa na sanduku la posta akatumia la shirika letu. Barua zote za sanduku lile zilipitia mezani kwangu. Bahasha ya kiwanda ilipofika niliifungua, sikuwa na haki hiyo lakini niliifungua. Walimwita kwenye usaili wa mkuu wa ubora wa samaki. Waliandika kwamba walikuwa wakimtafuta mtu mwenye digrii kama yake, na hawajampata popote.

Niliisoma mara tatu. Mimi nimepanda cheo hatua kwa hatua miaka tisa, huyu msonga ugali aanzie juu yangu? Nikaitia kwenye droo, nikafunga kwa ufunguo. Jioni akaniuliza, "Wifi, huonagi barua yangu huko?" Nikamjibu, "Ikija si nitakuletea? Ulishaonaga nakula barua mimi?" Tukacheka wote wawili.

Wiki ya tatu alichoka kungoja. Akatembea kwa miguu mpaka getini kwa kiwanda, akaomba kumwona meneja, akaambiwa walishamwandikia zamani, wakamfanyia usaili hapo hapo. Alirudi nyumbani anarukaruka. "Posta hii, wifi! Wamenipotezea barua, na kazi nimepata!" Nikamkumbatia. Ile barua niliichoma kesho yake.

Ni miaka minne sasa. Shirika letu limepunguza wafanyakazi, na mimi niliyekuwa naandaa orodha za wenzangu nilijikuta kwenye orodha ya mwisho. Nauza mitumba sokoni. Perpetua amejenga Nyegina, gari la kazi linamfuata mlangoni. Mama mkwe anasema mbele yangu kwamba katika ukoo wake msomi ni mmoja. Hata mapanki, vile vichwa na mifupa ya sangara inayobaki kiwandani, tunakula kwa sababu ametuletea yeye, na mume wangu anayasifia kana kwamba ni pilau ya harusi. Natafuna, nasema asante, na hayashuki.

Kila siku najiuliza kama alichagua vizuri au mambo tu yalimgeukia upande wake. Nikisema ni bahati, napata nafuu. Nikikumbuka kwamba watu wale waliitafuta digrii yake kwa jina wakaikosa, nafuu yote inaisha.

Jumapili iliyopita alitupitia akitoka kanisani. Akasema mbele ya mume wangu, "Wifi, kiwandani tunatafuta afisa utumishi. Nimekutaja wewe. Mwaka mzima ulinilisha na hukuninunia hata siku moja. Mtu mwaminifu hivyo tutampata wapi?" Mume wangu machozi yakamlenga. Mimi nikakimbilia jikoni, nikajifanya naangalia chai.

Nimeomba mwezi mmoja wa kufikiri. Kazi naihitaji sana, mitumba haitulishi. Nikikataa, mume wangu atataka sababu. Nikikubali, nitakuwa chini yake, naye ataniamini kila siku ya Mungu. Nimewaza kumwambia ukweli wote, hata nikayafanyia mazoezi maneno yenyewe nikiwa peke yangu. Hapo ndipo niliogopa. Niligundua kwamba sehemu niliyoingojea kwa hamu ni ile ambayo uso wake unabadilika na furaha inamtoka.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na kama mtasema nikamwambie, basi nifundisheni namna ya kumwambia bila kumtazama usoni.