Mteja na Mtungi wa Mama

Nikisikia mtu anasema mteja ni mfalme, hadi leo damu inanichemka. Mfalme wa wapi? Ninawakumbuka wafalme hao miaka michache kabla ya ruksa, wamepanga foleni nje ya duka la ushirika tangu alfajiri, wanamchekea muuzaji asiye na haya ili awapimie kilo moja ya sukari. Muuzaji akifoka, wanaitikia "ndiyo, ndugu." Kisha ruksa ikaja, serikali ikafungulia biashara, maduka yakajaa ndoo za plastiki za kila rangi, na watu wale wale wakaamka asubuhi moja wamevaa taji. Wenye maduka hawakuwagusa. Walikuja kututawala sisi wafinyanzi.

Nasema sisi, lakini mfinyanzi alikuwa mama. Mimi nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Dodoma, nimepanga chumba Ipagala, na kila Jumamosi nilikwenda kwake Mkonze. Mama alifinyanga vyungu vya kupikia na mitungi ya maji, na wanunuzi walimfuata nyumbani. Ununuzi ulikuwa na adabu yake. Mtu anapiga hodi, anasalimu, anaulizwa habari za mifugo na za mvua, anapewa kigoda. Hagusi chombo mpaka akaribishwe. Akishakaribishwa anakigonga mara moja kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, na kikilia vizuri ndipo bei inatajwa. Asipokipenda anasema atapita siku nyingine, na mama anaelewa. Hakuna aliyemwambia mwenzake neno baya.

Ndoo za plastiki zilipofika Mkonze, hodi zikapungua. Ndipo nikasikia ofisini kwamba kutakuwa na maonyesho ya kazi za mikono mjini, siku tatu, na kwamba waandaaji wanajenga banda la kudumu karibu na soko. Katika banda hilo wangempa meza mfinyanzi mmoja. Mmoja tu. Nilijua kwamba bila meza ile mama angeacha ufinyanzi mikono yake ikiwa bado na nguvu, na yeye alijua. Hakulisema, ila wiki ile alichimba udongo kama mtu anayelima huku mvua inamfukuza.

Kabla ya maonyesho wauzaji tuliitwa kwenye semina. Mama alikijua Kiswahili cha sokoni, si cha semina, basi nilikaa ubavuni kwake nikimtafsiria kwa Kigogo. Msimamizi wa maonyesho, bwana mmoja mwenye tai pana, alisema mteja yuko sahihi daima, asibishiwe, akilalamika aombwe radhi, na kwamba lugha ya muuzaji itaangaliwa katika kumchagua wa bandani. Mama akaniuliza, "Na mteja akisema uongo?"

"Hata akisema uongo," nikamjibu. "Wewe muombe radhi tu, mama."

Msimamizi hakusema hivyo. Nilisema mimi.

Siku ya pili ya maonyesho alikuja mwanamke mmoja wa maofisini, rika langu, suti imenyooka kwa pasi. Mama yangu ana mvi kichwa kizima, na bado shikamoo haikumtoka mgeni huyo. Aliuinua mtungi mkubwa kuliko yote kwa kuushika mdomo, tena kwa mkono mmoja, akaugonga kwa pete, ko ko ko, kama anayegonga mlango wa choo kilicho na mtu.

"Hivi huu si udongo tu? Mbona bei yake kama ya sufuria?"

Mama akatabasamu. Mwanamke akaniagiza nichote maji niujaze, atapita baadaye kuukagua. Nami, mjinga, nikachota.

Sasa, mtungi wa maji hutoa jasho. Maji hupenya udongo kidogo kidogo, ubavu unalowa, upepo wetu mkavu unaupiga, na maji ya ndani yanakuwa baridi. Kila mtoto aliyelelewa kwetu analijua hilo. Mtungi uliokauka nje katika jua la Dodoma haupozi kitu, na hakuna mwenye akili anayeununua. Ule wa mama ulianza kulowa kabla ya adhuhuri. Nilionja maji yake, meno yakaniuma.

Saa tisa yule mwanamke akarudi na wenzake wawili. Alipapasa ubavu wa mtungi, akawaonyesha kiganja.

"Oneni, unavuja. Mnatuuzia vitu vibovu, halafu mnataka tuache plastiki."

Watu wakageuka. Msimamizi naye akasogea, karatasi mkononi. Mama akanitazama. Kulikuwa na neno moja tu la kusema: onja. Ningeweza kulisema mimi, kwa Kiswahili safi cha ofisini, na yule mwanamke angeondoka amefunga mdomo. Nilimtazama mwenye karatasi, nikaifikiria meza, nikamtikisia mama kichwa, asibishe. Akapiga goti mbele ya mtoto yule.

"Ni kweli, mwanangu. Mtungi wangu mbovu. Nisamehe."

Msimamizi akaandika. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia mwanamke yule akifuta kiganja chake kwenye sketi, ameridhika, anahamia meza ya vikapu.

Haikupita nusu saa akaja mzee mmoja mfanyabiashara kutoka Kondoa, kofia nyeupe kichwani. Alisalimu, akangoja akaribishwe, kisha akaugusa mtungi, uso ukamchanua. Alisema ameutafuta wa namna hiyo soko zima.

"Unavuja, mzee wangu," mama akamwambia.

Mzee akacheka, akidhani anataniwa. "Hauvuji huu, unapoza."

"Nimeshasema mbele za watu kuwa ni mbovu. Siwezi kukuuzia wewe kama mzima."

Nikamsihi mama kwa Kigogo amuuzie. Hakunigeukia. Mzee aliaga kwa adabu akaenda zake.

Jioni ya mwisho walitangaza kwamba meza ya bandani ni ya mama, kwa sababu ya lugha yake nzuri kwa wateja. Watu wakapiga makofi. Mama akamshukuru msimamizi, kisha akamwambia meza ampe mwingine, maana vyombo vyake ni vibovu na yeye mwenyewe amekwisha kukiri. Bwana yule alinitazama nimsaidie. Niliangalia viatu vyangu.

Njiani kurudi Mkonze nililipuka. Nilimwambia mama ameipiga teke riziki yake. Nilimwambia ule ulikuwa uongo mdogo tu wa biashara, mjini watu wanausema mara kumi kabla ya chai, na kwamba nilihangaika kwa ajili yake ili anitie aibu. Nilisema hadi sauti ikanikauka. Tangu nizaliwe mama alizungumza nami kwa Kigogo tu, na akikasirika Kigogo chake kilikuwa kikali kuliko fimbo. Nilikingoja. Nilikitaka. Akasimama, akautua mtungi kutoka kichwani, akainamisha macho, na akanijibu kwa Kiswahili, polepole, kwa uangalifu.

"Ni kweli, mwanangu. Nisamehe."