Mabamba Mawili ya Ziada

Pikapu yangu ilikuwa imechoka nyuma. Ukipakia kochi moja tu, inakaa kitako kama mbwa. Watu wa ukaguzi wakaniandikia: springi za nyuma zimekatika, bushi, zile raba zake, zimekwisha, mwisho Jumatatu, la sivyo gari isionekane barabarani. Na mimi kazi yangu ni kuhamisha watu na vyombo vyao huku ughaibuni, leo kitongoji cha Rissne, kesho Fisksätra. Bila pikapu mimi ni mgongo tu unaouma.

Nikamwita shemeji, kaka ya mke wangu, fundi kutoka Bukavu. Mimi shule nilisoma nusu, yeye robo. Tukijumlisha ni robo tatu, nikaona inatosha.

Jumamosi nzima tulilala chini ya gari huko kwake Jakobsberg, tukipigana na nati zilizoliwa na chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Springi mpya zikaingia, bushi zikaingia. Hapo ndipo shemeji akachomoa bamba zima, chuma kirefu bapa, kwenye springi ya zamani.

"Tuongeze hili," akasema. "Kwetu gari ya mzigo haitoki bila kuongezwa."

Hata kwetu Kenya ni hivyo hivyo. Basi mimi, profesa, nikasema, "Weka mawili kila upande."

Pikapu ikainua matako kama kuku anayekunywa maji. Nikaipiga picha.

Jumatatu asubuhi mama wa ukaguzi aliingia chini yake na tochi. Akaniita. Mabamba yalikuwa mengi mpaka yu-bolti zinazofunga springi kwenye ekseli zimekuwa fupi, nati zimeshika uzi nusu tu.

"Hii ekseli inaweza kuchomoka," akasema kwa Kiswidi cha pole pole, kama anaongea na mtoto. "Tunafunga saa kumi na moja."

Nilimpigia shemeji simu kwa sauti iliyofanya watu wageuke. Akaja na treni, mikono mfukoni. Tukainua gari palepale kwenye maegesho.

"Fundi gani haangalii urefu wa bolti?"

"Njo weye ulisema mawili."

"Na wewe ukakubali!"

"Nikatae bwana ya dada yangu?"

Hilo lilinichoma zaidi kwa sababu ni kweli. Nilifungua nati nikitukana kwa lugha tatu, spana ikateleza, nikajichuna vidole. Tulipofika upande wa pili akanong'ona, "Shemeji, tuache moja tu. Hataona."

Nilimnyang'anya lile bamba nikalitupa kwenye kichaka. Nikamalizia peke yangu, yeye ameketi kwenye jeki ya akiba anakula ndizi.

Saa kumi na nusu yule mama alishika nati moja moja, akaniambia gari imepita. Shemeji akafungua mlango wa abiria.

"Unaona? Kazi yetu ni safi."

"Kazi yetu? Teremka."

"Mvua iko inanyesha."

"Teremka, shemeji."

Akateremka. Nilipompita akielekea stesheni alinipungia mkono. Sikupunguza mwendo.