Kiungulia cha Mwalimu Breki

Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Breki, kwa sababu gari la kufundishia udereva lina breki ya pili upande wa mwalimu, na mguu wake ulikuwa hautoki hapo. Kwa miaka mingi alifundisha watu kuendesha gari, na miaka yote hiyo watu walijitahidi kumuua bila kinyongo. Mmoja alitaka kupita katikati ya lori na ukuta wa benki. Mwingine, mama muuza vitambaa, kila alipoona mtu mbele alifumba macho ili asimwone anavyogongwa. Breki alikanyaga yake, akasema polepole, "Tuanze tena," wakaanza tena. Saa ya chakula alinunua viazi vya kukaanga, akavimwagia pilipili, akala ameegemea boneti. Tumbo halikumwambia kitu.

Moto ulikuwa unamngoja nyumbani. Kila jioni, akishakaa mezani tu, kitu kilianza kumchoma chini ya kifua, kikapanda mpaka kooni na uchachu wake. Siku ya kwanza mkewe alipomwona anashika kifua, nyumba ikapoteza ladha. Pilipili iliondoka kwanza. Zikafuata nyanya, vitunguu, ndimu na chai ya rangi, na mwishowe chumvi, ambayo haikuwa na kosa lolote ila kukaa karibu na pilipili kabatini. Kilichobaki ni wali uliochemshwa mpaka ukakata tamaa. Mkewe alikaa upande wa pili wa meza, hali, anamtazama. Kijiko kikipanda, macho yanapanda. Akimeza, anaulizwa kama tonge limeshuka. Breki anasema limeshuka. Na tumbo, limetulia? Limetulia. Hapo ndipo lilipoanza kuwaka.

Katika kutafuta mchawi, ukoo mzima uliafikiana kwamba mchawi ni kazi. Mtu anayekoswakoswa na malori kutwa nzima, tumbo litaachaje kuungua? Mkewe alimwendea kaka yake, msimamizi wa bohari la sabuni, naye akaahidi kumtafutia shemeji yake nafasi ya kukaa mlangoni na kuangalia maboksi yakitoka. Mahali patulivu, alisema, hata panya wa huko hawana haraka. Breki aliipenda kazi yake kuliko alivyowahi kumwambia mtu, na habari ya maboksi ilimkata maini. Aliomba kwanza likizo fupi, waone.

Likizo ile nusura imzike. Sasa alitazamwa asubuhi, mchana na jioni. Hata maji alitazamwa akinywa. Haikuchukua siku nyingi, akawa analala ameketi, mito mitatu mgongoni, na mkewe akampeleka hospitali.

Daktari alimmezesha mpira wenye kamera, akachungulia kila kona, akatangaza mbele ya mke na mume kwamba vidonda hakuna. Kisha akamwita Breki pembeni. Akamweleza kwamba mtu akiwa na wasiwasi mwili hujiweka tayari kukimbia, na chakula kinaachwa tumboni kikisubiri kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni. Asidi inapata nafasi ya kupanda, na hata ikipanda kidogo, mwenye wasiwasi huisikia kama moto. Akamuuliza ule moto humwanzia wapi. Breki alifikiri, akajibu kwa uaminifu kwamba humwanzia mezani kwake, mkewe akimtazama. Daktari akamwandikia dawa, akasema dawa itafanya yake, yaliyobaki akayazungumze nyumbani. Breki angefurahi zaidi kama angemezeshwa mpira mara ya pili.

Jioni ile, kabla hajagusa wali, mkewe akamwambia kaka ameipata ile nafasi, na Jumatatu Breki ataanza kazi bohari. Breki akaweka kijiko chini.

"Mama watoto, si kazi. Kule barabarani nakula pilipili na tumbo halisemi kitu. Linawaka hapa. Linawaka ukinitazama."

Akajikaza kupokea maneno. Mkewe alichukua kitambaa, akapangusa meza mahali pasipo na uchafu.

"Baba alikuwa anasema hajambo," alisema. "Nakaa naye meza moja, namuuliza, hajambo. Nikaacha kumwangalia. Siku aliyotapika damu ndiyo tukajua, akapelekwa hospitali, hakurudi. Sasa wewe nikuache vipi?"

Breki aliona haya, maana alikuwa amekuja kama mshtaki. Akamkumbusha kwamba daktari ameona tumbo lote. Mkewe akajibu kwamba hayo, masikio yameshayasikia, moyo ndio bado. Hata hivyo aliinuka, akampigia kaka yake, akamwambia ile nafasi ampe mwingine. Akarudi, akajipakulia wali. Breki akatambua kwamba hajamwona mkewe akila tangu mambo haya yaanze.

Mkewe alikula matonge mawili, akasita, akabonyeza kiganja chini ya kifua.

"Na wewe?" Breki akauliza. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza wewe."

"Na hukuniambia?"

"Ungepata wasiwasi, baba watoto."

Mkewe akachota tonge lingine. Breki alishikwa na hofu ambayo hakuna lori lililowahi kumpa, na hakuweza kuondoa macho kwenye koo la mkewe mpaka alipoona tonge limeshuka.